Vijana wa Vyuoni na Fikira Zao Juu ya Kubaka

Somo la mwezi huu si la kusomwa kwa sauti mezani wakati watoto wadogo wanakula. Lakini twaomba lisomwe, na hasa na wazazi wenye kijana aliye chuoni au anayejiandaa kwenda. Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa twawasindikiza vijana wetu stendi pamoja na godoro, ndoo, begi la nguo na maneno ya kuwaaga. Binti huambiwa ajihadhari na watu asiowajua, asitembee usiku, avae vizuri. Kijana wa kiume huambiwa asome kwa bidii na asichezee fedha za ada. Juu ya namna ya kumtendea binti wa watu, yeye haambiwi neno. Basi akiisha kufika huko hufundishwa na wengine, nasi twataka kuangalia waalimu hao ni akina nani na wanafundisha nini.

Kwanza tuelewane maana ya jambo lenyewe, kwani hapo ndipo wengi wanapopotea. Wengi wetu tukisikia neno kubaka twaona mbele yetu mtu mgeni, mwenye panga, kichakani, usiku. Watu wa namna hiyo wapo. Walakini sheria haisemi juu ya kichaka wala panga. Sheria ya makosa ya kujamiiana iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 1998 yaangalia kama mwanamke aliridhia. Ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kumtia hofu haihesabiwi kuwa ridhaa. Tena sheria hiyo yasema wazi kwamba si lazima mwanamke aonyeshe majeraha mwilini ndipo isadikiwe kwamba hakuridhia. Adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2006, walieleza kwamba mtu huridhia pale anapokubali kwa hiari yake, naye ana uhuru na uwezo wa kuchagua. Mtu aliyelewa hata hajijui hana uwezo huo. Aliyelala usingizi hana. Anayeogopa kufelishwa mtihani hana uhuru.

Sasa tuone wataalamu waligundua nini walipowauliza wanafunzi wenyewe. Kazi inayojulikana kuliko zote ilifanywa Marekani na mwanasaikolojia Mary Koss pamoja na wenzake, nayo ikatangazwa mwaka 1987. Waliwauliza wanafunzi 6,159 katika vyuo 32. Hawakuuliza, “Je, umebakwa?” bali walieleza matendo yenyewe moja moja na kuuliza kama yamempata mtu. Zaidi ya mwanamke 1 katika kila 4 alisema kwamba tangu alipokuwa na miaka 14 amewahi kutendewa, au mtu amejaribu kumtendea, jambo ambalo kwa sheria ni kubaka. Katika wale waliobakwa, zaidi ya 8 kwa kila 10 walimfahamu aliyewatendea. Karibu robo tatu yao hawakuliita jambo hilo kubaka. Wengi hawakumwambia mtu ye yote, na waliofika polisi walikuwa 5 tu kwa kila 100.

Wanaume nao waliulizwa. Kama 8 kwa kila 100 walikiri kwamba wamefanya au wamejaribu kufanya matendo hayo hayo, na walio wengi wao hawakujiona kuwa wamekosa. Hapa yafaa msomaji asimame kidogo. Vijana hawa hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikuwa wanafunzi, watoto wa watu wenye heshima zao, na walijibu bila haya kwa sababu waliamini kuwa walilofanya ni jambo la kawaida. Tena miaka 6 kabla yake, mwaka 1981, mtaalamu mwingine, Neil Malamuth, alitangaza kwamba alipowauliza wanafunzi wa kiume kama wangeweza kumlazimisha mwanamke iwapo wana hakika hawatagunduliwa, kama 35 kwa kila 100 hawakusema “haiwezekani kabisa.” Waliacha mlango wazi kidogo.

Mtu atasema: hayo ni ya Marekani, huko maadili yameharibika. Hatusemi kwamba Marekani ni Tanzania. Lakini mwaka 2009 nchi yetu yenyewe iliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na katika Tanzania Bara karibu wasichana 3 kwa kila 10, na wavulana zaidi ya 1 kwa kila 10, walisema walitendewa jeuri ya namna hii kabla hawajatimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba katika chumba kimoja cha bweni chenye mabinti sita, si ajabu mmoja wao au wawili waliingia chuoni tayari wana kidonda ambacho hawajamwonyesha mtu. Na wavulana pia. Juu ya wavulana watu husema mwanamume habakwi, ndiyo maana hawasemi kamwe.

Ziko imani ambazo wataalamu wamezikuta kila mahali, nazo wameziita hadithi za uongo juu ya kubaka. Mwaka 1980 Martha Burt aliwauliza watu wa jimbo la Minnesota juu ya imani hizo, na tangu hapo maswali ya namna hiyo yameulizwa vyuoni katika nchi nyingi. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuzisikia. Keti tu kwenye kibaraza chochote habari ya namna hii inapotokea. “Ameyataka mwenyewe.” “Alifuata nini chumbani kwa mwanamume?” “Mbona hakupiga kelele?” “Hapana ya msichana ni ndiyo.” Na kwa mabinti wetu wanaokaa mageto, yaani vyumba vya kupanga nje ya chuo, husemwa kwamba aliyepanga geto ameshajiachia.

Iko na ile habari ya nauli. Vijana wote wanaijua. Mwanamume humtumia msichana nauli kwa simu ili aje kumtembelea. Msichana akiipokea asije, husemwa “amekula nauli,” na vijana hufanya jambo hilo kuwa mchezo wa kuchekesha. Kudanganya nauli si tabia njema, nasi hatuitetei. Lakini chini ya mzaha huo limelala wazo kwamba nauli, chipsi na soda ni malipo, na aliyepokea ana deni la mwili wake. Binti akija, kisha akakataa, mwanamume hujiona ametapeliwa, na rafiki zake humwambia amefanywa mjinga. Deni la nauli, kama lipo, hulipwa kwa fedha.

Kuhusu swali la “mbona hakupiga kelele,” elimu ya siku hizi ina jibu. Mwaka 2017 madaktari wa Sweden walitangaza habari za wanawake 298 waliofika katika kliniki ya waliobakwa mjini Stockholm. Wanawake 7 kwa kila 10 walieleza kwamba wakati wa tendo mwili uliganda, wasiweze kujongea wala kutoa sauti. Ni kama mtu aliyekutana na chui ghafula, miguu hukataa. Hofu ndiyo hufanya hivyo, wala haina habari kama mtu anataka au hataki. Basi kila hakimu wa kibarazani anayeuliza juu ya kelele anauliza jambo ambalo mwili wa mtu aliyeogopa mara nyingi hauwezi kulifanya.

Imani hizi zatoka wapi? Martha Burt aliona kwamba wenye kuziamini sana ndio wale wale wanaoona kwamba kupigana na kutumia nguvu ni njia halali kati ya mwanamume na mwanamke. Hilo latuhusu moja kwa moja. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 58 kwa kila 100 na wanaume 40 kwa kila 100 walikubali kwamba ziko sababu zinazomruhusu mume kumpiga mkewe. Msomaji aangalie tena: wanawake wamewazidi wanaume. Kwa hiyo mtoto hafundishwi na baba peke yake. Akisikia mama na shangazi wakisema jikoni kwamba fulani alistahili kipigo kwa kuunguza chakula, ameshajifunza kwamba mwili wa mwanamke una mwenyewe, naye si yeye mwanamke. Chuoni huenda akasomea sheria au uganga, lakini somo la jikoni halifutiki kwa mihadhara.

Mwalimu wa pili ni rafiki. Mwaka 1957 Clifford Kirkpatrick na Eugene Kanin walichapa habari ya wanafunzi wanawake wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, na zaidi ya nusu yao walisema katika mwaka ule mmoja wa masomo wamesumbuliwa na wanaume kwa namna iliyowachukiza. Kanin aliendelea kulifuatilia jambo hili, na mwaka 1985 alieleza kwamba vijana waliowalazimisha wasichana walikuwa na marafiki wenye kuwasukuma, wenye kuhesabu wasichana kama mtu ahesabuvyo magoli. Kijana asiye na la kusimulia alijiona duni.

Wasomaji wa Biblia hawatashangaa. Tusome 2 Samweli sura ya 13. Amnoni anaugua kwa kumtamani Tamari, binti wa baba yake, na mpaka hapo hajatenda neno. Ndipo anapoingia rafiki yake Yonadabu, mwenye akili za hila, na kumpangia kila kitu: jilaze, ujifanye mgonjwa, mwombe baba yako amtume binti aje akuandalie chakula. Tamari alikataa kwa maneno, tena kwa hoja nzuri kuliko za mwanasheria, na hakusikilizwa. Hakwenda kichakani, alitumwa na baba yake kwenda kumhudumia ndugu mgonjwa. Baadaye Absalomu, aliyempenda, alimwambia anyamaze. Mfalme Daudi alikasirika sana, na habari ya hasira yake inaishia hapo hapo, hakuna alilotenda. Ndugu mmoja alibaka, lakini wanaume wanne ndio waliomfikisha Tamari katika ukiwa alioishi nao nyumbani kwa Absalomu. Twahubiri mara nyingi juu ya Daudi na Bathsheba. Sura hii ya 13 twairuka, na vijana wanajua kwamba twairuka.

Yaliyotokea karibu nasi hayatofautiani sana na hayo. Wengi wa rika letu wanakumbuka habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990. Palikuwa na desturi iliyoitwa Punch: maandiko na michoro ya ukutani isiyo na jina la mwandishi, ya kumwaibisha mwanafunzi aliyeteuliwa. Aliye “pigwa Punch” alitengwa, asisalimiwe, asikaliwe karibu. Wanafunzi wa kike ndio walioumizwa zaidi. Mwezi wa Februari mwaka huo msichana wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa akisumbuliwa baada ya kumkataa mwanamume, alijiua. Waandishi wa habari wanawake, waliokuwa wameunda chama chao cha TAMWA mwaka 1987, walilipigia kelele jambo hilo mpaka nchi nzima ikasikia, na Punch ikapigwa marufuku. Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Michoro ile haikuweza kumtenga msichana yule kwa nguvu zake yenyewe. Ilihitaji mamia ya wanafunzi wema, wenye kwenda kanisani na msikitini, wakubali kutomsalimu.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya Mtakatifu Kizito huko Meru, Kenya, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Magazeti yalieneza maneno yaliyosemwa na mmoja wa viongozi wa shule, tena mwanamke, kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka kuwabaka tu. Neno hilo “tu” lafaa kuchunguzwa kuliko hata tendo la wavulana. Halikutoka katika video wala muziki wa kigeni. Lilitoka kinywani mwa mlezi.

Siku hizi yuko mwalimu wa tatu, naye ni simu. Mvulana wa miaka 13 aweza kuona picha za ngono kabla baba yake hajapata ujasiri wa kumwambia lo lote. Picha hizo hazionyeshi mtu akiulizwa kama anataka. Hatuamini kwamba kunyang’anya simu ndiyo dawa, maana atatazama kwa mwenzake. Mzazi asiposema, picha zitasema.

Pamoja na hayo, liko jambo lenye kutia moyo, na tunaliona kuwa kubwa. Wataalamu wa Marekani, katika kazi iliyotangazwa mwaka 2003, waligundua kwamba vijana wa kiume hukosea kuwafahamu wenzao. Kila mmoja hudhani ridhaa ya mwanamke haina maana kwa wenzake kama ilivyo na maana kwake mwenyewe, na hudhani wenzake hawatakubali kuingilia kati wakiona ubaya unatendeka. Basi chumba kizima hucheka mzaha ambao wengi hawaupendi, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Mmoja akisema “hilo si jambo la kuchekesha,” mara nyingi huwakuta wengine walikuwa wakingojea mtu aseme.

Mfano ni huu. Usiku mmoja wa Januari 2015, katika Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi wawili kutoka Sweden walikuwa wakipita kwa baiskeli. Waliona mwanamume juu ya mwanamke asiyejongea, karibu na pipa la taka. Walisimama, wakamwuliza anafanya nini, na alipokimbia walimkimbiza wakamshika mpaka polisi walipofika. Kijana huyo alikuwa mwogeleaji hodari wa chuo. Mwaka 2016 jaji alimpa kifungo cha miezi 6, naye alikaa miezi 3 tu. Baba yake alikuwa amemwandikia jaji akilalamika kwamba mwanawe analipishwa gharama kubwa mno kwa tendo la dakika chache. Wananchi walikasirika, jimbo la California likabadili sheria mwaka huo huo, na mwaka 2018 wapiga kura walimwondoa jaji. Tukiwaweka pamoja wale waendesha baiskeli wawili na yule baba, twaona pande mbili za mazingira ya kijana. Barua ya baba yaonyesha mengi juu ya kile ambacho mwana alikuwa amekisikia nyumbani.

Tena fikira zaweza kubadilishwa. Huko Nairobi, wavulana wa shule za sekondari katika mitaa ya mabanda walifundishwa kwa majuma 6 juu ya ridhaa, juu ya hadithi hizi za uongo, na namna ya kumwokoa mtu bila kuanzisha ugomvi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliofundishwa walibadili maoni yao, na walipoona msichana akisumbuliwa waliingilia kati mara nyingi kuliko wasiofundishwa. Majuma 6 ni machache kuliko mafundisho yetu ya kipaimara.

Hatuna nafasi ya kutosha kueleza habari ya waalimu wanaodai mwili wa mwanafunzi ili wampe maksi. Itoshe kusema kwamba sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 yaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, kwa hiyo binti aweza kwenda TAKUKURU, na mzazi asimwambie “vumilia umalize chuo.”

Ikitokea binti au kijana wako akapiga simu na kusema limempata, jambo la kwanza ni kumwambia kwamba unamsadiki. Usimwulize alikuwa amevaa nini. Asioge kwanza, asifue nguo. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, wala si wa plastiki. Aende hospitali mara moja, kwani dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, na katika vituo vingi liko Dawati la Jinsia na Watoto. Hospitali kadhaa zina kituo ambapo daktari, polisi na mshauri wote wapo mahali pamoja. Wala wazee wa pande mbili wasikae kupatana kwa mbuzi na fedha. Kosa hili ni la jinai, na anayelimaliza nyumbani anamrudisha mtendaji chuoni kwa binti wa mtu mwingine.

Kwa vikundi vitakavyolijadili somo hili, twashauri akina baba na vijana wa kiume wakae peke yao kwanza, kisha waungane na Umoja wa Akina Mama na wasichana. Wasome ile sura ya 13 polepole, na kila mtu aseme ni nani kati ya Yonadabu, Absalomu na Daudi anayemwona zaidi hapa mtaani kwetu. Wasichana waulizwe ni neno gani la watu wazima linalowafanya wasiseme; wakinyamaza, wasilazimishwe, wapewe karatasi waandike bila jina. Baba mwenye kijana anayeondoka mwezi wa Oktoba asingoje kikao. Amwite jioni, azime televisheni, aanze na habari ya nauli. Kijana atacheka, na hapo mazungumzo yatakuwa yameanza.